Njaa ya Kujitakia

Msiba wa kujitakia hauna kilio. Methali hii nimeisikia ikitumiwa kwa waliokopa kwenye simu wakashindwa kulipa, kwa vijana wa miraa, kwa msichana wa jirani aliyeolewa na mtu asiyetakiwa na kwao, na kwangu mimi pia nilipoacha chuo mwaka wa pili. Lakini sikuwahi kuisikia ikirushiwa mtu mmoja kutoka pande mbili kwa mpigo, mpaka Januari 2023, Habaryar alipoanza kunywa.

Kunywa tu, yaani. Hakuna kutafuna. Siku 14.

Habaryar ni mama mdogo. Huku Garissa hata tukiongea Kiswahili kutwa nzima neno hilo halibadilishwi. Ana miaka arobaini na kitu, anauza madira na baati Suq Mugdi. Ana kisukari aina ya pili na magoti yanayolia akiinuka kwenye mkeka wa swala. Usiku alikuwa anakoroma, kisha kimya, kisha anashtuka kama mtu aliyevutwa kutoka majini. Ule ukimya ndio uliotutisha. Daktari mmoja Nairobi alisema njia ni upasuaji wa kupunguza tumbo, ambapo karibu robo tatu ya mfuko wenyewe huondolewa na kubaki kitu chembamba kama ndizi. Na kabla ya kisu, wiki mbili za vinywaji pekee.

Wengi hudhani wiki hizo ni za kupunguza kilo kadhaa, au za kumpima mgonjwa kama kweli ana nia. Mimi pia nilidhani hivyo. Kumbe ni kwa ajili ya ini. Sehemu ya kushoto ya ini hulala juu ya tumbo, na mpasuaji anayefanya kazi kupitia vitundu vidogo lazima ainue ini hilo ndipo afike anapotaka. Ini la mtu mnene mara nyingi lina mafuta, limevimba, ni zito na linaweza kuchanika likishikwa. Ukipunguza wanga, mwili unageukia akiba ya sukari iliyohifadhiwa humo, na kila gramu ya akiba hiyo imebeba maji kama gramu tatu. Siku zinavyokwenda ini linanywea, mpasuaji anapata nafasi. Asiyefuata masharti anaweza kufunguliwa, aonekane hafanyiki, afungwe, arudishwe nyumbani.

Karatasi aliyopewa ilisema kalori 800 hivi kwa siku. Maziwa yasiyo na mafuta na unga wa protini asubuhi. Supu iliyochujwa mpaka ukiitazama unaona chini ya bakuli. Chai bila sukari, jambo ambalo Garissa ni kama swala bila udhu. Mimi ndiye niliyekuwa mpishi wa vikombe hivyo kwa sababu ndiye mtu wa nyumbani ambaye kazi yake iko kwenye laptopu na inaweza kusubiri. Nilishika pia kile kimashine cha kupima sukari, maana daktari alikuwa amempunguzia dawa: mtu wa kisukari akiacha kula ghafla na dawa ikabaki ileile, sukari inaweza kushuka mpaka azirai.

Siku ya kwanza alikuwa na majigambo. Siku ya tatu aliomba shuka saa saba mchana, katikati ya jilaal, kiangazi kile ambacho hata mbuzi hutafuta kivuli cha nguzo ya stima. Kichwa kilimpasuka. Mdomo ukanuka kama tunda lililoiva likapitiliza, dalili kwamba mwili umeanza kuchoma mafuta yake. Siku ya tano njaa ikatoka tumboni, akasema, ikahamia puani. Alijua nyumba gani ya tatu kutoka kwetu imekaanga suqaar. Usiku nilimkuta anatazama video za watu wanaopika pilau, bila sauti, taa imezimwa.

Hilo la video lilinikumbusha kitu nilichowahi kusoma. Mwishoni mwa 1944, kule Chuo Kikuu cha Minnesota, mwanasayansi Ancel Keys alichukua wanaume 36 waliokataa kwenda vitani kwa sababu ya dhamiri zao, na wao wakakubali kunyimwa chakula. Kwa miezi kama sita walikula kalori 1,570 hivi kwa siku huku wakitembea kilomita nyingi kila wiki. Walikonda wakabaki mifupa. Lakini kinachonishangaza ni vichwa vyao: waliota chakula, wakasoma vitabu vya mapishi kama riwaya, wakalamba sahani, wakaacha kufikiria mapenzi. Walifanya hivyo ili madaktari wajue namna ya kuwalisha watu wa Ulaya waliokuwa wakifa njaa vitani. Njaa ya kujitakia, kwa ajili ya njaa ya kutotakiwa. Na hakuna anayewaambia wanaume wale kwamba msiba wao hauna kilio.

(Halafu Minnesota hiyohiyo leo imejaa Wasomali. Mjomba wangu yuko Minneapolis, anaendesha lori. Nilipomwambia habari ya wale wanaume 36 alicheka: “Kwa hiyo hata huku walikuwa wakifa njaa kabla sisi hatujafika.”)

Sasa nirudi kwenye mawe ya pande mbili. Upande wa kwanza: Habaryar alijinenepesha mwenyewe. Alikula. Kwa hiyo asije kulia magoti. Upande wa pili: anajinyima riziki aliyopewa na Mungu wakati watu hawana. Mama mmoja aliyekuja kununua baati alisema yote mawili ndani ya dakika moja, bila kuvuta pumzi. Alimwambia mwili huo ni wa ulafi, halafu alipoona kile kikombe cha supu akauliza, “Na wewe unacheza na njaa?”

Siwezi kumlaumu sana kwa hilo neno kucheza. Ukumbuke ilikuwa Januari 2023. Misimu mitano ya mvua ilikuwa imefeli mfululizo tangu mwishoni mwa 2020. Serikali ilikuwa imetangaza ukame kuwa janga la kitaifa tangu Septemba 2021. Mifugo zaidi ya milioni mbili ilikuwa imekufa kaskazini mwa Kenya, na ukitoka mjini kwa barabara ya Modogashe unapita mizoga ya ng'ombe, halafu ya punda, halafu ya ngamia, na ukiona ngamia amekufa kwa kiu unajua mambo yameisha. Watu wa baadia walikuwa wamehamia pembezoni mwa bulla zetu na vibanda vya matambara. Katika mji wa namna hiyo, mtu anayekataa sahani ya wali anaonekana kama anayechoma noti mbele ya maskini.

Lakini hebu tuangalie hoja yenyewe. Wali alioukataa Habaryar ulikwenda wapi? Ulikwenda kwa ndugu zangu, wakanenepa kidogo. Haukufika Wajir. Njaa haigawanywi kama mkate, kwamba mmoja akimega kingi mwingine anapungukiwa. Angekula au asingekula, mtoto wa baadia angelala vilevile. Wanaosema “wengine wanakufa njaa” huwa hawaombi chakula kipelekwe popote. Wanachotaka ni aibu. Wanataka mwenye mwili mkubwa aone haya kwa mwili wake, kisha aone haya kwa kutaka kuubadilisha.

Kuna swali la Ramadhani pia, maana watu waliuliza: mbona sisi hufunga mwezi mzima na hatunung'uniki? Kufunga Habaryar anajua tangu akiwa na miaka saba. Alisema tofauti ni moja: hii ni njaa isiyo na magharibi. Ukifunga, mji wote unafunga nawe, na adhana inapolia mnafika wote kwenye tende moja kwa wakati mmoja. Hii ya vikombe alikuwa peke yake kwenye mkeka wa watu tisa. Anjera inakatwa, mikono inaingia sahanini, yeye ameshika kikombe kama mgeni wa ofisini. Na huku kwetu kula pamoja ndiyo namna ya kuambiana kwamba hatuna neno. Ukikataa chai ya mtu umekataa kitu zaidi ya chai. Siku ya nane alienda kutoa rambirambi Bulla Iftin, wakamwekea nyama, akasema hali, na ukimya ulioingia pale nilikuwepo kuusikia. Akaongopa ana vidonda vya tumbo. Vidonda vya tumbo vinaheshimika.

Hapo ndipo nilianza kuona kitu. Vidonda havitakiwi na mtu, kwa hiyo vina kilio. Unene umejitakia. Tunaugawa ugonjwa katika mafungu mawili, wa kupewa pole na wa kunyimwa, na mpaka kati yao tunauchora kwa kalamu ya nani alaumiwe. Kwa hiyo tuulize kwa umakini: Habaryar alijitakia?

Alizaliwa baadia, kwenye familia ya ngamia. Utotoni, mvua zikinyesha vizuri, walikaa wiki nzima nzima kwa maziwa tu, mabichi au yaliyochacha, susa, kwenye vibuyu vilivyofukizwa moshi. Ndiyo, huyu mtu ambaye watu walishangaa anawezaje kuishi kwa vinywaji siku 14, babu zake waliishi kwa kinywaji msimu mzima na hakuna aliyeita hiyo ni dayati. Kisha ukame wa 1991 na 1992 ukafagia mifugo yao. Wakaja mjini na punda mmoja. Mjini walikula chakula cha msaada, mahindi na mafuta, na baadaye, biashara zilipoinuka, wali mweupe, pasta, na chai ya vijiko vinne vya sukari. Hakuna tena kutembea kilomita ishirini kutafuta kisima. Na mwanamke wa umri wake akionekana anakimbia barabarani asubuhi Garissa, kufika adhuhuri atakuwa habari.

Muhimu zaidi, Habaryar habakishi chakula. Hawezi. Mtu aliyewahi kushinda njaa ya kweli akiwa na miaka kumi na kitu, mkono wake hauamini kwamba kesho kutakuwa na sahani nyingine. Alimaliza yake na makombo ya watoto, miaka thelathini. Wataalamu wameona jambo linalofanana hata kabla mtu hajazaliwa: Uholanzi, majira yaleyale ya baridi ya 1944 na 1945, Wajerumani walipozuia chakula kuingia mijini, wavulana waliokuwa matumboni mwa mama zao katika miezi ya mwanzo ya mimba walikuja kuonekana, walipofika miaka 19, kuwa na unene mwingi zaidi kuliko wenzao. Njaa iliyopita haiondoki, inakaa mwilini inasubiri.

Kwa hiyo mwili uleule uliosimangwa kwa ulafi ulikuwa, kwa sehemu, kazi ya ukame. Ukame wa 1991 ulimlisha Habaryar kupita kiasi polepole kwa miaka thelathini, kisha ukame wa 2022 ukaja kumsimanga kwa hilo. Na wala si peke yake. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2014 ulionyesha kwamba thuluthi moja ya wanawake wa Kenya wenye miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi. Huwezi kuniambia thuluthi ya mama zetu wote ni walafi.

Wiki ileile ya pili ya vikombe, mjukuu wa binamu ya Habaryar alilazwa hospitalini hapa mjini. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu, kutoka kwa wale waliohamia pembezoni. Alikuwa amevimba miguu, nywele zimebadilika rangi. Habaryar akataka kwenda kumwona na mimi nikambebea chupa yake ya supu.

Mtoto naye alikuwa kwenye kinywaji. Maziwa maalumu yanaitwa F-75, kwa sababu kila mililita 100 zina kalori 75 tu. Anapewa kidogo, kila baada ya saa tatu, usiku na mchana, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chati. Mama yake alikuwa na paketi ya biskuti aliyoificha kwenye shuka na muuguzi amemnyang'anya. Nilidhani ni ukatili mpaka nilipoelezwa: mwili uliokaa na njaa muda mrefu ukijazwa chakula ghafla, chumvichumvi za damu zinavurugika na moyo unaweza kusimama. Chakula kinaweza kuua mwenye njaa. Kwa hiyo kwanza F-75 ya kuutuliza mwili, ndipo F-100 ya kumrudishia nyama.

Basi mbele yangu kulikuwa na watu wawili, mmoja ana kilo saba na mwingine mia moja thelathini na kitu, wote hawaruhusiwi kutafuna, wote wananyimwa kwa vipimo, kwa sababu ileile: miili yao haijawa tayari kwa kinachokuja. Nilitegemea mama wa mtoto aone uchungu. Alikuwa na haki. Badala yake alisogea kwenye benchi na kuuliza, “Habaryar, yako inauma zaidi saa ngapi?”

“Baada ya isha,” Habaryar akajibu. “Watu wakilala.”

“Hata yeye. Analia baada ya isha.”

Wakaendelea hivyo robo saa nzima, kama wapishi wawili wanaolinganisha majiko. Katika siku zote 14, huyo binti ndiye mtu pekee ambaye hakumsimanga, na ndiye aliyekuwa na sababu nzito kuliko wote. Sijajua nifanye nini na jambo hilo. Sitaki kusema wenye njaa wana hekima, maana nimewaona wenye njaa wakipigana kwenye foleni ya maji. Labda ni kwamba yeye alikuwa anaiona njaa kama kitu cha mwilini tu, si hukumu.

Mpaka hapa nimemtetea Habaryar kirahisi. Sehemu ngumu ni pesa.

Upasuaji ule katika hospitali ya kibinafsi ulikuwa na bei ya ngamia watano wazuri, kwa bei ya kabla ya ukame. Kwetu mtu akilemewa, ukoo unakaa na kufanya qaaraan, mchango. Kila mwanamume anajua fungu lake, na haukatai leo kwa sababu kesho ni wewe. Mjomba wa Minneapolis alituma sehemu. Habaryar akauza dhahabu yake. Ikabaki pengo, na kaka yake mkubwa akapeleka ombi kwa wazee.

Mzee mmoja, ambaye namheshimu, alisema hapana. Alisema mfuko wa qaaraan mwaka huo una maombi arobaini na pesa ya kumi. Alisema kuna watu wanahitaji lori la maji. Njaa haigawanywi kama mkate, lakini pesa inagawanywa, na shilingi iliyokwenda kwenye tumbo la Habaryar kweli haitanunua maji. Hapa yule mama wa baati alikuwa amekosea na mzee amepatia. Kama angeishia hapo ningenyamaza.

Lakini akaongeza, “Na tena amejitakia.” Hapo nikakumbuka kwamba mwaka uliotangulia ukoo huohuo ulichanga, tena kwa moyo, kwa mzee mwenzao ambaye figo zimekufa kwa kisukari na anasafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki. Kisukari kilekile. Mzee yule alipenda halua na chai kuliko Habaryar, mji mzima unajua. Hakuna aliyemuuliza alijitakia nini. Alikuwa tayari amelala, amekonda, ana mirija. Ugonjwa wake ulionekana kama ugonjwa. Sisi huchangia mtu akishaanguka kisimani. Aliye ukingoni anayeomba kamba tunamwambia alifuata nini huko.

Na ukipiga hesabu baridi ya mzee mwenyewe, ya mfuko mdogo na maombi mengi, kamba ni rahisi kuliko mashine. Upasuaji unalipwa mara moja, na wagonjwa wengi wa kisukari aina ya pili hupunguziwa dawa baada yake, wengine huziacha kabisa kwa miaka. Mashine ya figo inalipwa kila wiki mpaka mtu afe. Nilimwambia mzee hivyo, kwa adabu, nikitazama chini kama inavyotakiwa. Akanijibu kwamba hesabu yangu ni nzuri kwa mtu ambaye hajawahi kusimama mbele ya watoto wenye kiu na kuwaambia pesa imekwenda Nairobi. Sina jibu la hilo. Bado naamini alikuwa anatumia watoto wale kuficha lile neno la mwisho, lakini watoto walikuwepo kweli.

Pengo liliishia kuzibwa kwa kiwanja chake kidogo karibu na uwanja wa ndege, alichokuwa amewawekea binti zake. Binti mmoja hajalisahau. Hata hilo ni la kuhesabiwa.

Usiku wa siku ya 14 tulipanda basi kwenda Nairobi. Pale kizuizini darajani, abiria wote wakashushwa kuonyesha vitambulisho kama kawaida yetu sisi watu wa kaskazini, na askari kijana akamulika tochi kwenye chupa ya Habaryar akataka kujua ni nini hicho. “Chakula cha jioni,” akasema. Askari akainusa, akamrudishia haraka.

Tulipokuwa tunakaribia Mwingi simu yake ikalia, ujumbe wa M-Pesa. Shilingi 3,000 kutoka kwa mzee. Nikampigia kumshukuru, nikamuuliza kama sasa amebadilisha mawazo. Akasema hajabadilisha chochote. Nauli si upasuaji, akasema, na kila mtu akisafiri huchangiwa nauli. Nikamwambia nauli ya kwenda kupasuliwa ni sehemu ya upasuaji. Akakataa. Tukabishana mpaka mtandao ukakatika, na tangu hapo kila tukikutana msikitini tunaendelea tulipoachia.